Kofia Iliyotangulia Sheria

Bwana harusi wa pwani anapopelekwa kwa mkewe huvaa kanzu, joho lililotariziwa, jambia kiunoni na kilemba. Wanaume wanaomsindikiza huja na kofia za mkono, na asiye nayo huazima kwa ndugu. Ukiuliza sababu utaambiwa ni ada ya wazee, na watu hudhani wazee hao walikuwa masultani na matajiri wa karafuu. Mimi naona kwamba ada hii, kwa jinsi ilivyoenea leo hadi kwa mvuvi na mchukuzi, ilijengwa zaidi na watu ambao zamani hawakuruhusiwa kufunika kichwa.

Shahidi wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani na Carl Velten mwaka 1903. Mtoro anaeleza kwamba zamani mtumwa hakuvaa kofia wala viatu, wala kanzu ya kumfunika miguu. Unguja mambo yalikuwa hayohayo: mtumwa wa shamba alijifunga kipande cha merikani kiunoni akabaki kichwa wazi, huku bwana wake akizungusha kilemba cha kitambaa cha Kashmir. Walikuwapo watumwa waliovishwa vizuri, hasa wale waliofuatana na wakubwa, lakini hao walitembeza utajiri wa bwana, hawakuwa na wao. Kinachovutia ni kwamba Mtoro anayasimulia haya kama mambo yaliyokwisha kupita, ilhali Bagamoyo ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao hawakuufuta utumwa. Ulifutwa na Waingereza mwaka 1922. Kumbe kofia ilikuwa imekwisha kupanda kichwani miaka isiyopungua kumi na tisa kabla ya sheria kumtambua mwenye kichwa. Unguja, Sultani Hamoud bin Muhammed alipotoa amri ya Aprili 1897, wanaume waliotoka utumwani waliiacha merikani wakashika kanzu na kofia, na wanawake wakashika kanga. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907.

Kwa nini hasa harusini, wakati msikiti na soko vilikuwapo? Kwa sababu harusi ndiyo mahali ambapo nasaba huulizwa waziwazi. Fiqhi ya Kishafii, ambayo wengi wa pwani huifuata, ina habari ya kufu: mume alingane na mke katika dini, nasaba, kazi na uungwana. Mtumwa hakuoa bila idhini ya bwana wake, na mahari ya mjakazi yalikuwa haki ya bwana. Aliyekombolewa naye angeweza kukataliwa kwa hoja ya kufu hata akiwa na fedha. Basi mtu wa namna hiyo akiingia ukumbini mbele ya wakwe, kofia yake ilikuwa ikijibu swali kabla halijaulizwa. Heshima ya kichwa ilikwisha kuingia hata katika hesabu za posa: pamoja na mkaja wa mama, baba wa bibi harusi alipewa fedha iliyoitwa kilemba. Na kofia yenyewe haikuwa rahisi kuipata. Kofia ya viua hutobolewa vijitundu kimoja kimoja, kila kimoja kikazungushiwa uzi wa pamba, kazi inayoweza kula miezi. Ikifuliwa hutiwa wanga na kuvishwa furuma ili isisinyae. Aliyekuwa nayo alikuwa na kitu ambacho jicho la pwani lilijua kukipima kutoka mbali.

Atakuja mtu aseme kwamba natafuta siasa mahali penye dini tu, kwani Mwislamu hupendezewa afunike kichwa. Hilo ni kweli, lakini watumwa wengi wa pwani walikuwa Waislamu, wakasali na kufunga, na bado hawakuachiwa kofia. Dini ingekuwa ndiyo kipimo pekee, ingewafunika wote. Tazama pia kisiwa cha Ngazidja huko Komoro, ambako Waislamu ni karibu watu wote: aliyetimiza anda, ile harusi kubwa inayokomba akiba ya miaka, hupata haki ya kuvaa joho na shali la mharuma ambayo mwenzake asiyeitimiza hana. Wote wawili husali safu moja.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba vazi lote hili ni la Waarabu, na aliyelivaa alikuwa akimwiga bwana wake. Joho na jambia vina Oman ndani yake, sibishi. Lakini kuiga kunaeleza kitu kilitoka wapi, hakuelezi kilifanya kazi gani kilipofika. Mtu aliyekatazwa kofia kwa kuwa ni mtumwa, kisha akaivaa mbele ya watu walewale, hakuwa akijifanya Mwarabu. Alikuwa akikataa kuitwa mtumwa. Tena kofia haikwenda upande mmoja. Kofia ya kushonwa kwa mkono inayovaliwa leo Muscat ina undugu mkubwa na ya Unguja, na Waomani wengi wenyewe husema ilivuka bahari kutoka huku.

Limebaki lalamiko la siku hizi, kwamba joho na kilemba hukodiwa dukani kwa siku moja, bwana harusi akapigwa picha, jioni akavaa suti, na kwa hiyo havina maana tena. Silikubali. Aliyevaa kofia Bagamoyo kabla ya 1922 naye alijivika cheo ambacho hakuna hati iliyompa, na harusi ndiyo iliyowafanya wengine wakubali kukiona. Hatari yake ilikuwa kukutana na anayejua babu yake alikuwa nani. Wa leo huhofia faini ya kuchelewa kurudisha joho.