Stuli ya Tairi na Salfa ya 1839

Kuanzia Musoma hadi Bunda na Butiama, stuli ya nondo iliyosukwa kwa vipande vya tairi chakavu haimshangazi mtu. Ila jiulize: sufuria mbovu huyeyushwa na kusubiwa upya, mbona tairi fundi analikata tu kwa kisu?

Mwaka 1839, huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa unakaza. Salfa hufunga molekuli ndefu za mpira, moja kwa nyingine, kwa hiyo hauyeyuki tena. Ukizidisha moto unaungua, na moshi wake ni sumu jamani! Ndiyo maana kisu, ndiyo maana makatambuga.

Stuli ya kwetu nondo zimeshaota kutu. Mpira bado.