Sehemu ya 4: Emma alisema hapana, wenzake wakaapa ndiyo

Nimetoka zamu, miguu inawaka moto, lakini niliahidi kumalizia habari ya Joseph Smith, mwanzilishi wa Wamormoni kule Marekani, aliyeuawa gerezani Carthage, Illinois, Juni 1844. Wengi mmeniuliza inboksi: alioa wake wengi au alisingiziwa?

Tuanze na Emma, mke wa kwanza. Mwaka 1879, miezi michache kabla hajafa, alihojiwa akasema mumewe hakuwa na mke mwingine. Unataka kumwamini, si ndiye mwenye nyumba? Ila aliyemhoji ni mwanawe wa kumzaa, kiongozi wa kanisa lililokana kwamba mzee alikuwa na mitala. Hebu mwanao akuulize hivyo, utajibuje?

Upande wa pili, Emily Partridge na wenzake waliapa kwamba waliolewa na Joseph. Emily alihojiwa chini ya kiapo 1892, akasema Emma mwenyewe alikuwepo siku ya ndoa. Sasa hawa nao walikuwa wa kanisa la Utah lililotetea mitala, na miaka karibu 50 ilishapita. Kila mtu ana upande.

Wodini, ndugu wakibishana mgonjwa alianza lini kuumwa, mimi nafungua faili. Nataka kilichoandikwa saa ileile. Na hapa faili lipo: William Clayton, karani wa Joseph, aliandika shajara yake mwaka 1843 mambo yakiwa bado ya moto. Wake wamo, na hasira za Emma zimo. Halafu Juni 7, 1844, gazeti la Nauvoo Expositor likatoa viapo vya wapinzani, William Law na mkewe Jane, kwamba waliusoma ufunuo unaoruhusu wake wengi. Siku chache baadaye mtambo wa gazeti ukavunjwa kwa amri ya Joseph na baraza la mji. Rafiki na adui wanasema jambo lilelile, tena kabla hajafa. Hicho ndicho kilichonishawishi: alioa.

“Mbona DNA imemsafisha?” Taratibu. Sylvia Lyon alimwambia bintiye Josephine mwaka 1882, akiwa karibu kufa, kwamba ni mtoto wa Joseph. Mwaka 2016 yakatangazwa majibu ya vipimo vya wazao: baba ni Windsor Lyon, mume wa Sylvia. Kipimo kimejibu swali la mtoto tu. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha nani alifunga ndoa na nani, nyie mnajua. Na kanisa la Utah lenyewe lilieleza waziwazi mwaka 2014 kwamba Joseph alioa wake wengi.

Emma siwezi kumwita mwongo kirahisi. Alizika watoto kadhaa, akamzika na mume.

Sehemu ya 5 ni Helen Mar Kimball. Alikuwa na miaka 14.