Stadi Iliyokatikia Ndani

Vitabuni stadi ni bingwa. Gereji ni bolti isiyo na kichwa, na ikikatikia kwenye silinda hedi inaumbua mabingwa wote. Fundi anaimwagia mafuta, anasubiri, anachomelea nati juu ya kipande kilichobaki ili moto ulegeze kutu. Ikigoma, basi ni keekee: anatoboa katikati, anakata nyuzi upya.

Nyuzi zipi sasa? Hapo ndipo napenda kuingia mimi. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza nyuzi za digrii 55. Mwaka 1864 William Sellers wa Philadelphia akaja na 60. Bolti ya nusu inchi, Mwingereza anakata nyuzi 12 kwa inchi, Mmarekani 13. Uzi mmoja tu! Nati inaingia mizunguko miwili, inabana, mwenye haraka anarefusha spana kwa bomba, na bolti inakatika.

Ilibidi Vita Kuu ya Pili ipiganwe kwa vipuri visivyooana ndipo, mwaka 1948, Uingereza, Marekani na Kanada zikakubaliana 60. Lakini mashine za zamani hazikusoma mkataba huo. Ndiyo maana fundi makini, kabla hajakata chochote, hupima kwanza stadi jirani iliyobaki nzima.