Ujira wa Mbao katika Nchi ya Upare

Mwenye gogo asiye na shilingi ya kuwalipa wapasuaji hupatana nao wajilipe kwa sehemu ya mbao zitakazotoka katika gogo hilo. Mapatano ya namna hii yaonekana kuwa jambo dogo, la watu wawili watatu wa mlimani; walakini katika nchi ya Upare, kuanzia Ugweno upande wa kaskazini mpaka milima ya Chome iliyo juu ya mji wa Same, desturi ya kulipana kwa kitu ina umri mkubwa kuliko sarafu.

Kabla ya sarafu kuenea, Ugweno ilisifika kwa chuma. Wahunzi wa ukoo wa Washana waliyeyusha mchanga mweusi wenye madini, na chuma chao kilifika hata kwa Wachaga wa Kilimanjaro. Bei yake ilikuwa mifugo na chakula. Kazi za wote nazo, kama vile kutengeneza mifereji na ndiva za kukusanyia maji ya mashamba, zilitendwa kwa msaragambo: mtu alitoa nguvu zake, akapata maji. Katika mabadilishano hayo kila upande ulikijua kitu kilichotolewa, ukaweza kukipima kwa macho yake.

Fedha iliingia kwa mlango wa kodi. Wadachi walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, na mwanzoni waliruhusu ilipwe hata kwa mazao au kwa kazi. Amri ya mwaka 1905 ilitaka fedha. Reli iliyotoka Tanga ikapita Same, ikafika Moshi mwaka 1911, na pamoja nayo soko la fedha likasogea mpaka chini ya milima. Tangu hapo mtu mwenye mbuzi, shamba na miti aliweza kuwa tajiri machoni pa jirani zake, na maskini mbele ya mtoza kodi. Mali yake ilikuwa hai, lakini kodi ilikuwa na siku yake, wala siku haingoji mbuzi anenepe.

Jambo hilo ndilo lililofufuka katika mgogoro wa mbiru. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, serikali za wenyeji za Upare zilileta kodi iliyokadiriwa kwa mali ya kila mtu. Mnamo Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka kutoka milimani, wakakusanyika Same kuipinga. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyeandika juu ya mbiru mwaka 1971, ameonyesha jinsi harakati hizo zilivyoendelea mpaka 1947, na mwishowe kodi hiyo ikaondolewa. Watu hawa walikuwa wamezoea kulipa kodi. Walichokataa ni mtu mwingine kuingia katika mali isiyo fedha, kuikadiria apendavyo, kisha kuidai kwa shilingi.

Swali hilohilo la nani apimaye limo katika shimo la wapasuaji mbao. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu, mwenziwe chini katika unga wa mbao, na msumeno mrefu huenda na kurudi baina yao. Mapatano yakiwa ya fedha, bei hukatwa kabla ya kazi, na hasara ya gogo lenye uwazi ndani humwangukia mwenye mti peke yake. Yakiwa ya mgawo, hasara ni ya wote, na kila mmoja ana sababu ya kutaka gogo litoe mbao nyingi na unga kidogo. Hii ndiyo haki iliyomo katika ujira wa mbao, na ndiyo sababu umewafaa watu wasio na akiba.

Lakini mgawo una mitego yake. Kwa mfano, gogo likitoa mbao 30 na wapasuaji wakipewa 10, hesabu ni sahihi, ila haijasema ni 10 zipi. Mbao za kiini na mbao za kandoni haziwi sawa kwa sababu tu zimehesabiwa pamoja. Mabanzi nayo ni kuni, tena ni ukuta wa zizi. Yasipotajwa mapema huleta ugomvi. Zaidi ya hayo, mbao mbichi hupinda; hazina budi kupangwa kivulini mpaka zikauke. Mpasuaji ambaye watoto wake wanangoja unga wa ugali hawezi kungoja mbao zikauke. Humuuzia mchuuzi kwa bei ya chini, na faida ya kungoja huenda kwa mwenye ghala.

Tena kuna msitu. Mkulo, mti mkubwa wa misitu ya Chome, umewindwa na misumeno hata ndani ya hifadhi, ambamo chemchemi za mifereji na ndiva zimo. Mgrivea uliopandwa mpakani mwa shamba una mwenyewe, na anayeugawa hugawa kilicho chake. Mkulo wa hifadhini hauna mgawaji wa halali, na watu wanaogawana mbao zake wamegawana pia maji ya wale wanaolima chini yao, ambao hawakuitwa katika mapatano.

Basi historia ya Upare haimhukumu alipaye kwa mbao wala alipaye kwa shilingi. Yaonyesha kwamba malipo ya kitu ni ya haki pale pande zote mbili zinapokiona kitu, zinapokipima pamoja, na zinapokuwa na uwezo sawa wa kungoja. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari. Kwa wapasuaji daftari hilo laweza kuwa alama ya mkaa juu ya kila ubao, ikitiwa mbele ya wote wawili kabla ya mbao kuondoka shimoni.