Kanisa Lililohama

Mvua ya mwaka jana ilipoangusha jengo letu la vijana, kijana mmoja aliniambia, "Kaka, ya nini tujenge vizuri tena? Hapa si kwetu." Sikuwa na jibu. Baadaye nikakumbuka habari ya kanisa la Vang.

Vang ni kijiji cha milimani, Norwei. Karibu miaka 800 iliyopita wenyeji walijenga hapo kanisa la mbao. Mafundi wa zamani zaidi walikuwa wanachimbia nguzo ardhini, zinaoza, kama vile miti yetu inavyoliwa na mchwa. Wakajifunza. Nguzo zikasimamishwa juu ya boriti nzito zilizolazwa kwenye mawe, na mbao zikapakwa lami ya msonobari. Ndiyo maana makanisa ya aina hii bado yapo, ingawa leo nchi nzima hayafiki 30.

Kufika miaka ya 1830, kanisa la Vang lilikuwa dogo na limechakaa. Waumini wakataka jipya. Mchoraji Johan Christian Dahl alilinunua mnadani mwaka 1841 ili lisipotee, na Mfalme Friedrich Wilhelm IV wa Prusia akalichukua. Likafunguliwa ubao kwa ubao, likapakiwa melini, likafika Berlin, kisha milima ya Silesia. Mwaka 1844 watu wakaanza kusali ndani yake tena. Mbao zilizooza ziliwekewa nyingine, na pembeni ukajengwa mnara wa mawe wa kulikinga na upepo.

Haijaisha. Baada ya vita, mwaka 1945, Silesia ikawa ya Poland. Wajerumani wengi wakafukuzwa, wakaja Wapolandi, wengi wao nao wametolewa makwao mashariki. Kanisa likabaki palepale, Karpacz, na ibada zinaendelea hadi leo.

Mimi sisemi kuhama ni kuzuri. Watu wa Vang walipoteza kitu ambacho hakikurudi. Na mbao haziulizwi kama zinataka kwenda. Sisi pia hatukuulizwa. Lakini fundi wa kwanza hakujua kazi yake itaishia wapi. Alijenga vizuri tu, na kwa sababu hiyo kanisa liliweza kufunguliwa na kusimama tena kwingine.

Jumamosi tulianza upya. Tuliweka mawe kwanza, nguzo juu yake. Yule kijana ndiye aliyeshika timazi.