DHIS2: Programu Inayowakutanisha Muuguzi, Mtakwimu na Mtaalamu wa TEHAMA

DHIS2 ni programu huria ya kukusanya, kuhakiki na kuchambua takwimu za afya kwa njia ya mtandao. Inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na chimbuko lake ni Afrika Kusini katika miaka ya 1990. Kenya ilianza kuisambaza nchi nzima mwaka 2011. Nchini Tanzania, programu hiyo hupokea taarifa zinazotokana na vitabu vya MTUHA katika zahanati, vituo vya afya na hospitali.

Sifa yake kubwa ni kwamba fomu zake zinaweza kusanifiwa bila kuandika msimbo wa kompyuta. Kila takwimu hujibu maswali matatu: nini kimehesabiwa, wapi na lini. Muuguzi hueleza kinachohesabiwa. Mtakwimu hupanga vipindi na namna ya kukokotoa viashiria. Mtaalamu wa TEHAMA husimamia seva, usalama wa taarifa na ruhusa za watumiaji. Wote huitazama fomu ileile na kuirekebisha kabla haijaanza kutumika.

Ushirikiano huo una uzito wake. Iwapo fomu itawahesabu pamoja wagonjwa waliopimwa malaria na waliokutwa nayo, wilaya inaweza kuagiza dawa kwa hesabu isiyo sahihi, kituo kimoja kikabaki na akiba huku kingine kikiishiwa. Mwandishi wa msimbo anaweza asilitambue kosa hilo. Muuguzi anayejaza kitabu kila siku hulitambua mara moja. Wakishakubaliana, huwekwa kanuni ya uhakiki: waliokutwa na malaria wasizidi waliopimwa. Kanuni hiyo ikikiukwa, mfumo hutoa tahadhari.

Aidha, kwa kuwa mawasiliano hukatika, fomu inaweza kujazwa bila intaneti na taarifa zikahifadhiwa kwenye kifaa hadi mtandao unaporejea.

Hata hivyo, programu haichukui nafasi ya mashauriano. Fomu iliyosanifiwa bila kumshirikisha anayeijaza inaweza kusahihishwa baadaye, lakini takwimu zilizokwisha kuingizwa kwa kuchanganywa haziwezi kutenganishwa kwa kompyuta. Mtumishi hulazimika kurudi kwenye vitabu na kuhesabu upya, mgonjwa mmoja baada ya mwingine.