Kengele, Kiranja na Baraza

 Mwalimu wenu ameandika maneno matano ubaoni: kengele, bweni, kiranja, mgomo, baraza. Yasomeni pamoja kwa sauti. Haya, vema. Maneno hayo ndiyo somo letu la leo.

Juma lililopita tulisoma habari za shule za kwanza za misioni katika Afrika ya Mashariki. Leo twataka kujua jambo moja zaidi. Watoto waliolala na kuamka ndani ya shule hizo waliishi kwa sheria gani? Na mtoto alipoona sheria ni mbaya, alimwambia nani? Wengi wenu ni wazazi. Pengine umewahi kuletewa barua kutoka shuleni, ukaomba jirani akusomee, nayo ikasema, “Njoo na mtoto wako.” Basi habari hizi zakuhusu.

Tuanze Maseno, magharibi ya Kenya, si mbali na Kisumu. Mstari wa Ikweta wapita hapo hapo. Mwaka 1906 wamisionari wa Kanisa la Anglikana walifungua shule, na mkuu wa kazi hiyo alikuwa J. J. Willis, ambaye baadaye alifanywa askofu wa Uganda. Shule ilikuwa ya bweni, maana yake watoto walikaa huko huko, hawakurudi nyumbani jioni. Asubuhi walisali, wakasoma, kisha wakafanya kazi za mikono.

Shule haijatimiza hata miaka mitatu, mwaka 1908, wanafunzi wakagoma. Walisema wamekuja kusoma, hawakuja kufanya kazi za mikono.

Wako watu wanaposikia habari hii hucheka, wakasema, “Kumbe uvivu wa wanafunzi ni wa zamani!” Mimi sikubaliani nao. Mtoto wa siku zile alichunga ng'ombe, alilima na mama yake, alibeba maji na kuni. Kazi haikuwa kitu kigeni kwake. Kitu kigeni kilikuwa kitabu. Alikuwa ameona kwamba Mzungu mwenye karatasi na kalamu ndiye anayeamuru, na mwenye jembe ndiye anayeamriwa. Kama shule itampa jembe tena, ameacha kwao kwa nini? Wala hofu yake haikuwa ya bure. Mwaka uliofuata, 1909, mtaalamu mmoja wa elimu, J. Nelson Fraser, aliishauri serikali ya kikoloni kwamba elimu ya Waafrika iwe hasa ya kazi za ufundi. Watoto wa Maseno walikuwa wameuona moshi kabla ya moto.

Lakini tuwe waadilifu, tuwasikilize na wamisionari. Wao waliamini kwamba kazi ni sehemu ya ibada. Tena shule haikuwa na fedha. Nyumba ilipaswa kujengwa, na chakula kilipaswa kutoka shambani. Kila upande ulikuwa na neno lake. Lililokosekana ni mahali pa kulisemea. Hapakuwa na kikao ambapo mtoto angesimama akasema, “Mwalimu, sisi twaona hivi.” Akiwa hana mahali pa kusema, akaacha kazi. Likumbukeni jambo hili, maana tutalirudia.

Sasa neno la tatu ubaoni: kiranja. Neno hili hata watoto wadogo walijua, lakini desturi yenyewe ilitoka mbali. Mwaka 1828 padre mmoja wa Uingereza, Thomas Arnold, alifanywa mkuu wa shule ya Rugby. Shule za bweni za Kiingereza za wakati ule zilijaa fujo. Wavulana wakubwa waliwatesa wadogo. Arnold hakuwafukuza wakubwa wote. Alichagua baadhi yao, akawapa mamlaka, akawaambia kwamba wao ndio watakaojibu kwa mwenendo wa shule. Waingereza wakaipenda njia hiyo, na wamisionari walipokuja Afrika waliileta pamoja na kengele na mpira wa miguu.

Mahali ilipostawi sana ni Alliance High School, pale Kikuyu, karibu na Nairobi. Shule hiyo ilifunguliwa tarehe 1 Machi 1926 na makanisa ya Kiprotestanti yaliyoshirikiana, ndiyo maana ikaitwa Alliance, yaani umoja. Ilikuwa shule ya kwanza ya sekondari kwa Waafrika wa Kenya. Mkuu wake wa kwanza alikuwa G. A. Grieves. Mwaka 1940 akaja wa pili, Edward Carey Francis, naye akakaa mpaka 1962. Bwana huyu tumtazame vizuri.

Francis alikuwa amefundisha hesabu katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Akaacha kazi hiyo ya heshima, akaja Kenya mwaka 1928, akawa mkuu wa Maseno, ile ile ya mgomo, kwa miaka 12 kabla ya kwenda Alliance. Hakuoa. Shule ndiyo ilikuwa nyumba yake. Alikuwa mkali. Chini yake siku ilikatwa vipande kwa kengele: kuamka, kufagia, kukaguliwa, kusali, kusoma, kufanya kazi, kucheza, kusoma tena usiku, kulala. Viranja walikagua mabweni, nao walikuwa na uwezo wa kuadhibu. Fimbo nayo ilikuwapo. Neno la shule lilikuwa kwamba mtu awe na nguvu ili atumike.

Hapo ndipo penye utata, ndugu zangu. Atumike kwa nani? Wakoloni wengi walipenda kusikia neno hilo, maana walifikiri ni kuwatumikia wao. Wanafunzi walilisikia kwa namna nyingine. Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963, mawaziri wengi wa serikali mpya walikuwa wametoka katika shule hiyo hiyo. Waliofundishwa kutumika walikuja kutawala. Na Francis mwenyewe? Alipostaafu hakurudi Uingereza kupumzika. Alikwenda kufundisha katika shule ya Pumwani, mtaa wa watu wa kawaida mjini Nairobi, akafanya kazi huko mpaka alipofariki mwaka 1966. Mimi simsifu kwa fimbo yake. Lakini sheria aliyowawekea wengine, ya kutumika, yeye mwenyewe aliishika, na wanafunzi hawakosi kuona jambo kama hilo.

Tusikie na upande wa mwanafunzi. Mwandishi Ngugi wa Thiong'o, aliyefariki mwaka 2025, alisoma Alliance tangu 1955 hata 1958. Hiyo ilikuwa miaka ya Hali ya Hatari, ambayo serikali iliitangaza mwaka 1952 kupigana na Mau Mau. Ndugu yake alikuwa msituni pamoja na wapiganaji. Baadaye Ngugi aliandika kitabu juu ya miaka hiyo ya shule, kikatoka mwaka 2012. Anaeleza kwamba alipomaliza muhula wa kwanza alirudi kwao Limuru, akakuta nyumba zao hazipo. Watu walikuwa wamehamishwa kwa nguvu, wakajengeshwa kijiji kipya chini ya ulinzi wa askari.

Mfikirieni kijana huyo. Shuleni kuna kengele, shuka zilizotandikwa sawasawa, sala, na mchezo wa jioni. Huko nje kuna askari, vipande vya kusafiria, na mama yake katika kibanda kipya. Sheria ya shule ilimwadhibu aliyechelewa. Sheria ya nje ilichoma nyumba ya asiyekosa. Ukali wa shule ulikuwa ukuta, nao ukuta hukinga. Lakini ukuta huo huo humfanya mtu ajiulize: mimi ni wa ndani au wa nje? Swali hilo kiranja hana jibu lake.

Wala msidhani kwamba mpango wa kengele na viranja ulitosha kila mahali. Huko Uganda iko shule ya King's College Budo, iliyofunguliwa mwaka 1906, mwaka ule ule wa Maseno. Ilikuwa shule ya kanisa, yenye sifa kubwa, na watoto wa wakuu wa Buganda walisoma hapo. Viranja walikuwapo, sala zilikuwapo. Hata hivyo mwaka 1942 ghasia zilizuka, shule ikafungwa kwa muda, na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Niruhusuni kidogo nitoe habari yangu mwenyewe. Nilisoma katika shule moja ya kanisa, nami nikafanywa kiranja wa bweni. Nilipewa daftari la kuandika majina ya wachelewaji wa sala ya asubuhi, nami nikaliona daftari lile kama bunduki. Siku moja nikaandika jina la kijana wa kidato cha kwanza. Akataka kunieleza jambo, nikamwambia, “Utaeleza mbele.” Huko mbele hakuulizwa neno. Akapewa kazi ya kung'oa visiki siku tatu. Baada ya siku hizo ndipo nikajua kwamba mwenzake wa kitanda cha jirani alishikwa na homa usiku, naye alikuwa amempeleka kwa muuguzi. Nilikwenda kumwomba radhi. Akasema, “Haidhuru, kaka.” Lakini toka siku ile hakunisalimu mpaka nikamaliza shule. Mimi nilifuata sheria, na mwalimu alifuata daftari langu. Kila mtu alifanya kazi yake.

Sasa sheria ya nchi. Kwa Kenya, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ilizitia shule za misioni chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wadhamini. Mwaka 1972 zikatoka kanuni za adhabu. Kanuni hizo zilikubali fimbo, lakini kwa masharti: aadhibuye ni mkuu wa shule peke yake, mapigo yasizidi sita, awepo shahidi, na kwanza ufanywe uchunguzi. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka mlishike. Karatasi ilisema mtoto aulizwe kabla ya kupigwa. Sote twajua ilivyokuwa katika shule nyingi: walimu wa kawaida walipiga, viranja walipiga, na maswali yalikuja baadaye kama yalikuja.

Mwaka 2001 Kenya iliziondoa kanuni hizo, fimbo ikakatazwa shuleni. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikasisitiza marufuku hiyo, tena ikakataza na kumtesa mtoto kisaikolojia. Najua wako kati yenu wanaonung'unika sasa hivi: “Ndiyo maana watoto wameharibika!” Neno hilo nalisikia kila niendapo. Mimi huwajibu kwa historia. Maseno walikuwa na wamisionari wakali, na mgomo ukatokea. Budo walikuwa na ukali wa kutosha, na shule ikafungwa. Kama ukali peke yake ungetosha, hayo yasingetokea.

Neno la tano ubaoni ni baraza. Mwaka 2009 ulianza nchini Kenya mpango wa mabaraza ya wanafunzi katika shule za sekondari. Viongozi wa wanafunzi, badala ya kuteuliwa na walimu peke yao, wachaguliwe na wenzao, wapige kura, wapeleke malalamiko kwa mkuu. Hesabuni wenyewe: toka 1908 mpaka 2009 ni miaka 101. Yapo mabaraza yanayofanya kazi kweli. Yapo mengine ambayo ni viranja wale wale waliopewa jina jipya, na mtoto akisema neno zito anaitwa mchochezi. Migomo haijakwisha.

Basi, zimeni redio mtakaposikia muziki, mkae vikundi vya watu watano watano. Kila mtu asimulie adhabu moja aliyoipata utotoni, shuleni au nyumbani, na aseme kama aliulizwa kabla ya kuadhibiwa. Mwenye mtoto shuleni aeleze kama anajua jina la kiongozi wa wanafunzi, na alipatikanaje. Kisha kila mmoja aandike sentensi tatu katika daftari lake, akitumia maneno mawili kati ya yale matano ya ubaoni. Mwalimu azikusanye, atuletee kwa posta. Juma lijalo nitasoma baadhi yake, bila kutaja majina ya walioandika. Kwaherini.